Namna ya Kutengeneza na Kupima Rangi ya Kinga Yenye Magamba Membamba ya Kinywe

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa kemia au fundi wa maabara ndogo anayetaka kufanya utafiti wa kweli kuhusu rangi za kinga zinazotumia madini yenye matabaka membamba kupita kiasi, bila kusubiri mashine za mamilioni ya shilingi. Nimechagua kinywe, ambacho wengine hukiita grafiti, kilichochanganywa na epoksi, yaani utomvu wa viwandani unaogeuka mgumu, na kupakwa juu ya chuma cha kawaida. Kinywe kipo kwetu Tanzania, hasa Mahenge katika Mkoa wa Morogoro na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi. Epoksi huuzwa katika maduka ya rangi na ya vifaa vya boti. Na kutu inayoletwa na chumvi ya bahari ni hasara ambayo kila aliyejenga Bagamoyo, Malindi au Unguja ameilipia kutoka mfukoni mwake.

Kabla ya kugusa chombo chochote, elewa unachokitafuta. Kinywe ni kaboni iliyopangwa katika matabaka bapa, na umbali kati ya tabaka moja na jingine ni nanomita 0.335 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kwa hiyo kipande chenye unene wa milimita moja kina matabaka yapatayo milioni tatu. Tabaka moja likitengwa peke yake huitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha mwaka 2004 kwamba inawezekana kulitenga, wakitumia utepe wa gundi wa kawaida, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walipima tabaka hilo moja na kuona kwamba hata gesi ya heliamu haipenyi. Si ajabu basi kwamba watu waliona hapo kinga kamili ya metali: ikiwa heliamu haipiti, maji na oksijeni zitapitia wapi?

Mwaka 2011 matokeo ya kwanza yalitia moyo, kwa kuwa shaba iliyofunikwa kwa grafini ilistahimili joto la hewani na dawa kali kuliko shaba tupu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliiacha shaba yao ikae muda mrefu katika hali ya kawaida ya hewa, wakakuta kwamba iliyofunikwa iliharibika kuliko ile iliyoachwa wazi. Sababu yake ndiyo msingi wa kila hatua katika mwongozo huu, kwa hiyo naomba isisomwe haraka. Kaboni ya kinywe hupitisha umeme, na ukipanga metali kwa jinsi zinavyooza katika maji ya bahari, hukaa kwenye ncha ya zile zisizooza, karibu na platini. Ikigusana na chuma au shaba mahali penye unyevu, viwili hivyo huwa kama betri ndogo: kaboni inabaki salama na metali iliyo jirani yake inaliwa. Tabaka likiwa na ufa hata mdogo, uharibifu wote hukusanyika katika ufa huo. Shaba tupu angalau hujitengenezea ngozi ya oksidi inayopunguza kasi ya kuoza, lakini iliyofunikwa na kupasuka haipati nafasi hiyo.

Kwa hiyo mtafiti anayepima rangi ya kinywe ikiwa nzima tu amepima nusu ya jambo, tena nusu iliyo rahisi. Swali la msingi ni hali ya chuma baada ya rangi kukwaruzwa na kuwekwa kwenye chumvi.

Magamba hufanya nini ndani ya rangi

Kufunika chuma kwa tabaka moja lisilo na tundu ni kazi ya tanuri za pekee. Njia iliyo karibu na fundi ni kusambaza vipande vingi vyembamba ndani ya rangi, vilale bapa na kupandana kama makuti juu ya paa. Hakuna kuti moja linalofunika paa zima, lakini tone la maji hulazimika kuzunguka kuti hili, likutane na lile, na safari yake inakuwa ndefu. Wazo lenyewe ni la zamani. Daraja la reli la Forth kule Scotland, lililofunguliwa mwaka 1890, lilipopakwa upya katika ukarabati uliomalizika mwaka 2011, lilipewa epoksi yenye magamba ya kioo. Jipya katika utafiti wa sasa ni wembamba wa gamba.

Wembamba huo una faida inayohesabika. Kanuni ya Nielsen ya mwaka 1967 inasema kwamba upenyaji wa rangi yenye magamba, ukilinganishwa na rangi tupu, hupatikana kwa kutoa ujazo wa magamba kutoka moja, kisha kugawanya kwa moja ukijumlisha nusu ya uwiano wa upana kwa unene uliozidishwa kwa ujazo huo. Chukua magamba yanayojaza asilimia 1 ya rangi. Yakiwa na upana mara 100 ya unene, upenyaji unakuwa 0.99 kugawanya kwa 1.5, yaani theluthi mbili hivi ya rangi tupu. Yakiwa na upana mara 1,000 ya unene, unakuwa 0.99 kugawanya kwa 6, yaani karibu sehemu moja ya sita. Kiasi cha madini ni kile kile. Tofauti yote imeletwa na kuyachambua vizuri. Kanuni hii huchukulia kwamba kila gamba limelala sambamba na chuma, jambo ambalo brashi haiwezi kulihakikisha, kwa hiyo itumie kama dira na usiiandike kama matokeo.

Kuchambua kinywe

Mwaka 2014 kundi la Jonathan Coleman katika Trinity College Dublin lilionyesha kwamba mkwaruzano wa maji yanayozungushwa kwa kasi hutosha kuyatenganisha matabaka, na kwamba hata blenda ya jikoni na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vinaweza kuifanya kazi hiyo. Tumia nusu lita ya maji yaliyochujwa madini, gramu 20 za unga wa kinywe uliosafishwa na mililita 10 za sabuni. Vaa barakoa inayozuia vumbi wakati wa kupima unga, kwa sababu vumbi la kinywe si la kuvutwa mapafuni. Endesha blenda kwa dakika moja, pumzisha dakika moja, hadi itimie nusu saa ya kuzunguka, la sivyo mota itaungua. Blenda hiyo iandike kwa rangi isiyofutika kwamba ni ya maabara, na isirudi jikoni tena.

Mimina mchanganyiko katika chupa ndefu ya kioo na uuache ukae saa 24 bila kutikiswa. Vipande vinene vitazama, na juu yake utaona maji ya kijivu cheusi ambayo ukiyaangalia kwa tochi hayana chembe zinazoanguka. Yavute maji hayo kwa bomba la sindano, ukiacha sentimita kadhaa juu ya mashapo. Usishangae kuona kwamba kati ya gramu 20 umepata sehemu ndogo tu ya gramu moja. Ndivyo ilivyo, na mashapo yanaweza kurudishwa kwenye blenda mara nyingi.

Hatua inayofuata hurukwa kirahisi, nami sikuikamilisha katika jaribio langu la kwanza. Sabuni lazima itolewe. Chuja magamba kwa karatasi laini ya kuchujia, yasuuze kwa maji yaliyochujwa madini, tikisa maji ya suuza katika kichupa, na urudie mpaka povu lisionekane kabisa. Mimi nilisuuza mara mbili nikaridhika. Baada ya wiki moja ndani ya maji ya chumvi, vibamba vyangu vya chuma vilivyopakwa rangi vilitoka malengelenge madogo kama punje za uwele, yaliyojipanga hata mahali pasipokwaruzwa, nikaandika daftarini kwamba kinywe kimeshindwa. Mwezi mzima ulipita kabla sijapaka kibamba chenye epoksi na sabuni peke yake, bila kinywe, kikatoka malengelenge yale yale. Sabuni iliyobaki ndani ya rangi huvuta maji kama chumvi inavyovuta maji kwenye samaki, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Baada ya kusuuza, usiyakaushe magamba yawe unga. Yakikauka hushikana tena kama kurasa za kitabu kilicholowa, na kazi ya blenda inapotea bure. Yaoshe kwa ethanoli kisha kwa asetoni, na uyahifadhi yakiwa bado ni uji ndani ya asetoni, mbali kabisa na moto na cheche. Ili kujua uji una magamba kiasi gani, utikise vizuri, chukua mililita 10, zikaushe kwenye kisahani kilichopimwa, kisha upime tena.

Neno moja kuhusu jina. Usikiite ulichokipata grafini kwa kuwa tu kimepita kwenye blenda. Mwaka 2018 watafiti wa National University of Singapore walichapisha vipimo vya bidhaa za wazalishaji 60 wa dunia, na katika sampuli nyingi grafini ilikuwa chini ya asilimia 10; zilizobaki zilikuwa kinywe chembamba tu. Kama kuna chuo karibu chenye kifaa cha Raman, kinachotambua aina ya kaboni kwa mwanga wa leza, peleka sampuli. Kama hakuna, andika “magamba membamba ya kinywe”, na kazi yako haitapungua heshima kwa hilo.

Chuma na rangi

Nunua shiti nyeusi ya chuma, ile isiyopakwa zinki, yenye unene wa milimita 1.5 hivi, na uikate katika vibamba vya sentimita 10 kwa 5. Toboa tundu dogo juu ya kila kibamba na ugonge namba kwa patasi ya herufi, kwa sababu namba ya kalamu itafutika. Piga msasa namba 80 kisha 120 mpaka chuma chote king'ae kwa usawa, futa kwa asetoni, suuza kwa maji yaliyochujwa madini, kausha mara moja. Kuanzia hapo usikishike kwa mkono mtupu: jasho la kidole lina chumvi, na alama ya kidole huonekana baadaye kama kutu yenye umbo la kidole. Pwani, kibamba kilichosafishwa asubuhi huweza kuwa na wekundu mwepesi jioni, kwa hiyo paka siku hiyo hiyo, na hakikisha chuma kina joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hujitengeneza.

Epoksi huja katika sehemu mbili. Changanya uji wa magamba na sehemu ya kwanza peke yake, ile nzito, ukikoroga ndani ya bakuli la maji yenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kwenye dirisha wazi au chini ya feni ya kutoa hewa. Pima uzito wa chombo kila baada ya muda. Uzito ukiacha kupungua, asetoni imetoka. Usiharakishe, maana asetoni iliyobaki itaacha vinyweleo ndani ya rangi, na vinyweleo hivyo ni njia ya maji. Ndipo uongeze sehemu ya pili kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, ukiwa umevaa glavu za nitrili. Baadhi ya watu hupata mzio wa ngozi kwa kemikali hizi, na mzio huo ukishaingia hauondoki kirahisi.

Gramu 20 za epoksi zinatosha vibamba 6 pande zote mbili. Kwa kiwango cha asilimia 0.5 kwa uzito utahitaji gramu 0.1 tu ya magamba, kwa hiyo mavuno madogo ya blenda si kikwazo. Tayarisha kundi lisilo na chochote, kundi lenye unga wa kinywe usiochambuliwa kwa asilimia 0.5, kisha makundi ya magamba kwa asilimia 0.1, 0.5 na 2. Ongeza kundi la sabuni peke yake kama nilivyoeleza. Ukiweza kupata ulanga uliosagwa laini, yale madini ya matabaka yanayong'aa ambayo zamani yalichimbwa katika milima ya Uluguru, tengeneza kundi lake pia. Ulanga una magamba kama kinywe lakini haupitishi umeme, kwa hiyo ndio utakaokuonyesha kama tatizo linatokana na umeme au na kitu kingine. Kwa sababu hiyo hiyo watafiti wengine wamegeukia nitridi ya boroni, ambayo ina matabaka yanayofanana na ya grafini lakini haipitishi umeme; mwaka 2013 kundi la Rice University lilionyesha kwamba matabaka yake machache huikinga nikeli dhidi ya oksijeni hadi nyuzi joto 1,100.

Unene wa rangi lazima ulingane, la sivyo utakuwa unalinganisha unene badala ya magamba. Asiye na kipima unene atumie mizani: kibamba chenye eneo la sentimita za mraba 50 kikipakwa rangi ya mikromita 100 upande mmoja kinaongezeka gramu 0.58 hivi. Paka mikono miwili, ziba kingo kwa nta au kwa epoksi nzito zaidi, kwani kutu hupenda kuanzia ukingoni na kukudanganya, na uache vikomae siku 7.

Kukwaruza na kuloweka

Katika vibamba 6 vya kila kundi, vikwaruze vitatu na uache vitatu vizima. Weka rula, pitisha ncha ya kisu kigumu kwa nguvu moja, mstari wa sentimita 5 katikati ya kibamba, mpaka chuma kionekane. Usiamini macho. Chukua multimita, yaani kipima umeme, weka ncha moja kwenye tundu la kuning'inizia lililokwanguliwa na nyingine ndani ya mkwaruzo, na kama haisomi mgusano, kisu hakijafika. Kibamba ambacho mkwaruzo wake umeishia ndani ya rangi kitaonekana shujaa kwa miezi bila kustahili. Ukimaliza kupima, ziba tena tundu kwa nta.

Ning'iniza vibamba kwa uzi wa plastiki katika beseni lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kiasi kinachokaribia bahari, bila kugusana, na kila kundi liwe na beseni lake. Weka alama ya kimo cha maji na uongeze maji yaliyochujwa madini yanapopungua, maana ukiongeza ya chumvi kiwango kitapanda. Maabara yenye chumba cha ukungu wa chumvi ifuate kipimo cha kimataifa cha ISO 9227, yaani gramu 50 kwa lita katika nyuzi 35. Piga picha kila kibamba mara moja kwa wiki, saa ile ile, mwanga ule ule, pamoja na rula. Seti nyingine, ukipata ruhusa, ifunge kwenye fremu ya mbao juu ya paa lililo karibu na bahari, kwa mwinamo wa nyuzi 45. Beseni hutoa jibu mapema. Paa hutoa jibu ambalo mwenye nyumba analihitaji.

Aliye na kifaa cha kupima ukinzani kwa mkondo geu apime vibamba vizima kila wiki, kwa volteji ndogo ya milivolti 10, kutoka mizunguko 100,000 hadi 0.01 kwa sekunde. Kwenye mizunguko ya chini kabisa, ukinzani unaozidi omu milioni 100 kwa kipimo cha sentimita ya mraba huhesabiwa kuwa kinga nzuri. Ukishuka chini ya milioni moja, maji yameshafika kwenye chuma hata kama jicho halioni kitu.

Saa 1,000 zikitimia, toa vibamba vilivyokwaruzwa, suuza, na ukwangue rangi kando ya mkwaruzo kwa kisu butu. Sehemu iliyoachana na chuma itatoka bila ubishi, nzima nzima, na iliyoshika itakataa. Pima upana wa eneo lililoachana katika sehemu 6 za mstari, tafuta wastani, toa upana wa mkwaruzo wenyewe, gawanya kwa mbili. Wastani wa milimita 6 kwa mkwaruzo wa milimita 1 unatoa milimita 2.5. Kagua kwa makini kibamba cha asilimia 2. Magamba yakiwa mengi hugusana na kutengeneza njia ya umeme kutoka uso wa rangi hadi kwenye chuma, na ndipo ile betri ndogo huanza kufanya kazi. Ukikuta kundi hili limeshinda rangi tupu katika vibamba vizima na kushindwa nayo katika vilivyokwaruzwa, umekutana kwa mikono yako na somo la shaba ya Berkeley, na hayo ni matokeo ya kuandikwa kwa herufi zilezile kubwa kama ushindi.

Kwa vibamba vizima, jaribu pia ushikaji: kata mistari 6 kwa 6 yenye nafasi ya milimita 2, bandika utepe, vuta, hesabu miraba iliyong'oka kati ya 25.

Unapoandika ripoti, taja asili ya kinywe, muda wa blenda, idadi ya kusuuza, unene wa kila kibamba na matokeo ya kila kibamba, pamoja na vile vilivyoharibika kwa kosa lako, badala ya wastani peke yake. Maji ya suuza yenye kinywe yachujwe kabla ya kumwagwa, mabaki ya epoksi yagandishwe kabla ya kutupwa, na vibamba vifungwe kwenye karatasi kavu pamoja na silika ya kunyonya unyevu, viwekwe kabatini na namba zao, ili atakayetilia shaka vipimo vyako aweze kuvikwangua mwenyewe.